Ufagio Kabla ya Matanga

Mgeni siku mbili, ya tatu anakunyang'anya jembe. Kwa Dorika halikuwa jembe, ulikuwa ufagio. Walimnyang'anya jioni ile ile waliyotoka kumzika mumewe, Erasto, wakauegemeza nyuma ya kabati, na mama mmoja wa ukweni akamwinamia sikioni.

"Nyumba ya msiba haifagiwi mpaka matanga yaanuliwe, mwanangu. Ukifagia mapema unamfagia marehemu, naye bado hajajua njia."

Dorika aliitikia kwa kichwa. Hakuwa mgeni wa mila hiyo. Hata bibi yake mzaa mama, hapa hapa Newala, alililiwa huku maganda ya mihogo yakifika kizingitini. Siku tatu si mwaka, alijiambia. Akakaa kwenye mkeka wake wa ujane, kanga usoni, akalia kama walivyotaka alie na kama alivyotaka mwenyewe.

Lakini siku tatu zilizaa tano, na tano zikazaa saba. Theodora, dada pekee wa marehemu, aliolewa ng'ambo ya Ruvuma, huko Mueda, na mjomba wao, Bonifasi, alikuwa ametamka kwamba matanga hayaanuliwi bila aliyelala tumbo moja na marehemu. Kwa Wamakua wa Lisekese, neno la mjomba likishafungwa hakuna wa kulifungua. Kila asubuhi simu ilipigwa. Kila asubuhi Theodora alikuwa njiani.

"Njia gani hiyo?" Mama Mujibu wa chumba cha chini alimnong'oneza Dorika alipomletea uji. "Au anakuja kwa kutambaa?"

Dorika alikaribia kucheka, mara ya kwanza tangu msiba. Ndipo mende akapita kwenye ukingo wa bakuli, mchana kweupe, bila haraka, kama mtu aliyealikwa. Wote wawili wakamtazama mpaka akateremka upande wa pili.

"Haya," alisema Mama Mujibu, na utani ukamwisha mdomoni. "Wamerudi."

Walikuwa wamerudi kweli. Miaka sita iliyopita, Erasto na Dorika walipohamia ghorofa ya Mzee Alfredi jirani na soko, mende walikuwa wapangaji wakuu. Familia tisa, sakafu tatu, na katika kila jiko ukiwasha taa ukuta unatembea. Watu walipuliza. Walipuliza dawa za kopo, na zilipowashinda wakafanya lile ambalo watu wa korosho pekee wangelifikiria: walichota dawa ya maji ya mikorosho iliyobaki msimuni, wakaimwaga kwenye mifereji na chini ya vitanda. Mende walikufa wiki moja. Wiki ya pili walirudi na wajukuu. Na Veridiana, binti wa Dorika, aliyekuwa na miaka miwili, alipelekwa hospitali mbavu zikiingia ndani kila alipovuta pumzi.

Erasto alikuwa fundi bomba, na Mzee Alfredi alimpa chumba cha juu kwa nusu ya kodi ili aitunze nyumba. Alipotoka hospitali na mtoto mgongoni aligonga mlango mmoja mmoja. Hakugombana na mtu. Alisema tu, "Dawa haijui mende wala binadamu. Inajua kifua. Nipeni miezi mitatu."

Alijua alichokuwa anakisema. Tangu akiwa na miaka kumi na saba alibeba mashine ya kupulizia mikorosho, kwanza katika shamba la Mjomba Bonifasi kule Lisekese, kisha mashamba ya watu wengine, misimu kumi na mitatu, kitambaa cha kanga mdomoni ndiyo kinga yake. Juni mpaka Septemba alirudi nyumbani amekuwa wa njano kwa dawa kuanzia kope. Dorika alifua mashuka ya njano. Alipofikisha miaka thelathini hakuweza tena kupanda ngazi bila kupumzika katikati, akauacha upulizaji na kushika spana.

Vita yake na mende ilikuwa ya kimyakimya. "Mende anaweza kukaa mwezi bila kula," aliwaambia majirani, "lakini maji hawezi kuyakosa wiki. Mnyimeni maji." Newala, ambako maji yenyewe huja kwa zamu na kila nyumba ina mapipa ukumbini, neno hilo lilikuwa kama kumwambia mtu ayanyime mapipa yake pumzi. Erasto akayakatia yote vifuniko vya mbao, moja moja kwa kipimo. Aliziba kila bomba lililovuja. Alifunga matundu kwenye kuta kwa saruji na nyuzi za chuma. Kwenye vizibo vya soda aliweka unga mweupe kutoka duka la dawa, ameukanda na sukari na unga wa ngano, akavisukuma nyuma ya makabati ambako mkono wa mtoto haufiki. Na katika kila jiko alisimamisha chupa ya mdomo mpana, ndani kipande cha bibo kavu, tunda la mkorosho, mdomo umepakwa mafuta ya kupikia. Mende akifuata harufu huingia, kutoka hawezi. Asubuhi Erasto alizimwaga chupa, akawahesabu, na idadi akaiandika kwa chaki nyuma ya mlango wake.

Vita kubwa ilikuwa ya ufagio. Erasto alitaka kila nyumba ifagiwe baada ya chakula cha jioni na taka zishuke chini kabla ya kulala. Majirani walikataa. Kufagia usiku ni kufukuza riziki, nani asiyejua?

"Riziki ya nani?" aliuliza Erasto. "Maana nikitazama hapo sakafuni, naona riziki ya mende."

Walicheka, na aliyecheka alifagia. Kwenye mlango wa chumba cha juu chaki ilishuka: mia na kumi, sitini, ishirini na tatu, nane. Namba ya mwisho aliyoiandika Erasto, siku moja kabla hajaanguka, ilikuwa mbili.

Sasa watu arobaini walikuwa wamekula, wamelala na kulia ndani ya vyumba viwili kwa siku sita. Punje za wali zilikanyagwa zikawa gundi. Vifuniko vya mapipa vilikaliwa kama vigoda. Vizibo vya soda vilipigwa teke, chupa za mtego zilitiwa chumvi ya jikoni. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Walikuwa wamekuja kumlilia Erasto, na kila mgeni alimlilia kweli. Lakini usingizini mende walipita juu ya mikono yao, na Veridiana, mwenye miaka minane sasa, alianza tena kupiga filimbi kifuani.

Jioni ya siku ya sita Bwana Humphrey wa sakafu ya kati, afisa wa serikali aliyehamishiwa Newala kutoka Moshi, alishuka uani wanaume walikoketi chini ya turubai. Alimwamkia Mjomba Bonifasi vizuri, alitoa pole, kisha akatoa lake.

"Mzee, msiba ni wetu sote. Lakini jana nimemtoa mmoja ndani ya sikio la mwanangu."

Mjomba Bonifasi alikuwa mzee mrefu, mkimya, mwenye macho mekundu ambayo hayakukauka tangu alipoondoka kwake Lisekese. Alisikiliza mpaka mwisho. Baadaye alipanda ngazi mpaka kwenye mkeka wa Dorika, akaketi kwenye kigoda, mikono magotini.

"Mama Veridiana."

"Abee, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Nimesikia habari za wadudu. Nimemwagiza Pancras. Kesho atakuja na mashine, apulizie nyumba nzima juu mpaka chini. Watoto watakaa nje siku moja."

Dorika aliinua kanga usoni. "Mjomba, nipeni ufagio. Siku moja tu. Nikifagia na kufunika maji, wiki mbili watapungua wenyewe. Erasto alikuwa…"

"Ufagio hapana." Hakupandisha sauti. "Dawa haimfukuzi marehemu. Ufagio unamfukuza. Theodora akute nini?"

"Mtoto ana kifua cha baba yake."

"Mjane haongezi neno matangani, mama." Kisha sauti yake ikalegea, na Dorika akaona kwamba mzee huyu alidhani anampa zawadi. "Nimesema Pancras aje na ile ya Erasto mwenyewe. Ile niliyomvika mimi akiwa kijana. Niliitunza ghalani, miaka yote. Ifanye kazi ya mwisho nyumbani kwake."

Akainuka, akashuka. Dorika alibaki anautazama mlango. Nyuma ya mlango huo, upande wa ndani, palikuwa na ile mbili ya chaki.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo hakuna mgeni aliyelijua. Jikoni, kwenye kona, beseni la bluu lilikuwa limefunikwa kifudifudi sakafuni, na kila mtu aliyetaka kulisogeza Dorika alimwambia liache, lina wenyewe. Jioni aliyoanguka, Erasto alikuwa anachanganya saruji kuziba tundu nyuma ya jiko. Unga ukamwagika. Akaukanyaga pekupeku, akapiga hatua moja, akakaa chini, na hakusimama tena kwa miguu yake. Waliporudi na jeneza, Dorika aliukuta wayo wake kwenye ule unga: kisigino, ubavu, vidole vinne. Kidole kidogo cha mguu wa kulia Erasto alikipoteza utotoni kwa panga. Ulikuwa wayo wake na si wa mtu mwingine duniani. Dorika akaufunika kwa beseni. Kwa hiyo walipomwambia asifagie, moyoni alishukuru. Yeye kuliko wote alitaka nyumba ile isifagiwe.

Pancras alifika saa nne asubuhi ya siku ya saba, mashine imefungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira. Alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Erasto, mwenye mke na mtoto mchanga Lisekese, na msimu huu mashamba yote yalimtaka. Alikuwa ametoka shambani alfajiri hiyo hiyo, nywele bado za njano. Dorika alisikia injini ikizimwa. Akasogea dirishani.

Aliitambua kabla haijafunguliwa. Ule mkanda wa kushoto aliushona yeye mwenyewe kwa uzi wa gunia, mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa sababu ulikuwa unamchuna Erasto begani. Uzi ulikuwepo bado.

Chini uani Pancras alianza kukoroga dawa kwenye ndoo. Harufu ikapanda ngazi, harufu ya mashuka yale. Wanawake walianza kukusanya mikeka na watoto. Veridiana alikuja akasimama kando ya mama yake, akakohoa mara mbili, kwa adabu, mkono mdomoni.

Dorika aliinuka kutoka kwenye mkeka wa ujane.

"Unaenda wapi, mama?" aliuliza yule wa ukweni.

Dorika alimpita. Alivuta kabati, akatoa ufagio wa chelewa, akajifunga kanga kiunoni. Alianza chumba cha ndani. Alifagia chini ya kitanda, alifagia kona, alifagia mifupa ya samaki na punje na ganda la yai. Nyuma yake kelele iliwaka.

"Jamani, anafagia!"

"Mchana kweupe! Anamfukuza mumewe!"

"Mshikeni! Si akili yake hiyo!"

Mtu alimshika mkono. Dorika aliutoa taratibu, bila hasira, kama anayemtoa mtoto titini, akaendelea. Mende walitoka chini ya magodoro kwa makumi, wakakimbilia jikoni, naye akawafuata huko.

Alipofika kwenye beseni alisimama. Kelele zote zilikuwa mbali. Alipiga magoti, akaliinua.

Walikuwa wamejaa humo. Giza, unyevu wa sakafu, utulivu; beseni aliloliweka yeye kwa mikono yake lilikuwa nyumba bora kuliko zote walizowahi kupewa. Walitawanyika. Chini yao unga wa saruji ulikuwa umechorwa vijistari elfu vya miguu yao. Kisigino hakikuwepo. Ubavu haukuwepo. Kilibaki kidole kimoja, au alitaka tu kuona kidole.

Dorika alikitazama. Alitia kidole chake mwenyewe pale, kidogo, mpaka kikatosha. Kisha akafagia.

Hakulia. Machozi alikuwa amempa Erasto siku saba. Alifagia jiko, akavuka kizingiti, akafagia ngazi daraja kwa daraja, lundo likikua mbele yake. Sakafu ya kati Bwana Humphrey alikuwa amesimama mlangoni na leso puani. Akasogea, kisha akarudi ndani akatoka na kizoleo, akakiweka ukutani. Chini, Mama Mujibu alikuwa amekwisha kushika wa kwake.

"Mimi si wa ukoo wenu," aliwaambia wanawake waliomtolea macho, "na ninyi mila yenu hainipati. Nafagia kwangu. Kama vumbi lake na langu yamekutana, yamekutana."

Lundo lilitoka mpaka uani, mbele ya turubai, mbele ya wanaume wote. Pancras alikuwa ameshaivaa mashine mgongoni. Kitambaa kilikuwa shingoni, alikuwa hajakipandisha.

"Shemeji," alisema, anatafuta pa kuweka macho, "mimi nimetumwa tu."

"Najua. Pancras, tema mate."

"Nini?"

"Tema hapa, kwenye taka zangu."

Akacheka kidogo, akamtazama mjomba, akamtazama Dorika, akaona hakuna mzaha. Alitema. Mate yalitua juu ya vumbi la saruji, na kila aliyekuwa karibu aliyaona: ya njano kama kiini cha yai.

"Ya kaka yako yalikuwa hivyo," alisema Dorika, "mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu yalikuwa na damu. Mkeo anafua mashuka yako kwa maji ya moto au ya baridi? Ya moto hayatoi. Atumie ya baridi."

Pancras aliyatazama mate yake. Kisha akaingiza kidole gumba kwenye mkanda wa kushoto, wenye uzi wa gunia, akauteremsha begani. Mashine ikakaa chini. Akaibeba ndoo ya dawa kwa mikono miwili, akaifunga kwa nailoni, akaifungia kwenye pikipiki.

Alasiri ile wazee walimwita. Theodora alikuwa amepiga simu: amevuka daraja, kesho atafika. Waliketi nusu duara, na Dorika akawekewa mkeka katikati. Mashine ilikuwa bado pale ilipowekwa, kando ya kigoda cha Mjomba Bonifasi, na mkono wa mzee ulikuwa juu ya mkanda wake, unaupapasa bila yeye kujua.

"Mama Veridiana," alianza, "umefagia nyumba ya mwanangu kabla ya dada yake kufika. Umefanya mbele za watu. Sisi si watu wa ugomvi. Tunataka kuku mweupe mmoja, kitambaa cheupe kimoja, na neno moja. Uombe radhi kwa marehemu na kwa ukoo. Kesho Theodora akija tunaanua matanga, unatoka kwenye mkeka, unakuwa mtu tena."

"Na nisipoomba?"

"Tutafunga mizigo leo. Hakuna wa kuanua. Utabaki mjane wa mkekani, mahali popote utakapokwenda, na kaburini kwake usitie mguu."

Upepo wa Newala ulipita chini ya turubai. Hilo la kaburi hakulitarajia. Alifikiria Jumapili zote zitakazokuja, na mtu mwingine anayeng'oa majani pale. Juu, dirishani, Veridiana alikuwa anachungulia. Alikuwa amekaa ndani saa nzima, na hakukohoa.

"Sema neno, mwanangu," alihimiza yule mama wa ukweni, na safari hii alikuwa analia. "Ni neno tu. Sisi sote tunakupenda. Kuku na kitambaa nitakutafutia mimi."

Mjomba Bonifasi alimtazama Dorika, kisha akatazama mkono wake mwenyewe juu ya mkanda, kama aliyeuona sasa hivi. Aliuondoa.

"Unataka kusema nilimuua mimi?" aliuliza kwa sauti ndogo, ambayo pengine wengine hawakuisikia.

"Sijasema hivyo, mjomba. Ulimvika ulichokuwa nacho."

"Basi sema na lile lingine, la radhi."

Dorika alipiga magoti, goti la kweli, la mkwe aliyelelewa, kichwa chini na viganja vyote viwili mbele ya miguu ya mzee. Wanawake walishusha pumzi. Mtu mmoja alianza kupeleka mkono mdomoni apige vigelegele.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Marahaba."

"Shikamoo nakupa leo, kesho na siku zote," alisema Dorika, akainua uso. "Radhi siombi."